Neno Nililotumwa kwa Bibi

Baba yangu anafanya kazi maabara, kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini. Shuleni sipendi kuulizwa kazi ya mzazi. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliulizwa, nikasimama, nikasema "maabara", na kijana mmoja wa viti vya nyuma akadakia, "Yaani anapima mavi!" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye aligeukia ubao, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ningeweza kumjibu kwamba ndiyo, anapima na mavi, anapima damu, anapima makohozi, na wewe mwenyewe malaria yako ya mwezi uliopita aliiona yeye kwenye hadubini yake. Sikujibu. Mimi niko hivyo. Maneno yananijia yote, yanafika kooni, yanakaa hapo. Nikirudi nyumbani nayaandika kwenye kaunta buku, na hapo yanatoka bila shida. Ndiyo maana na hili naliandika, maana hakuna mtu niliyemwambia.

Ugonjwa ule wa barakoa uliporudi mara ya pili nilikuwa kidato cha pili. Watu hawakupenda kuutaja. Walisema fulani ana changamoto ya kupumua, fulani kifua kimembana, basi. Baba akanihamisha kutoka kwetu Katubuka akanipeleka Ujiji kwa bibi, mama yake mzazi. Alisema nyumba yetu ni ndogo, na yeye kila siku anarudi kutoka kwenye kushika vya wagonjwa, na mimi nina pumu. Mama akafunga nguo zangu kwenye begi la shule. Sikufurahi, lakini nilikuwa nimeona mwenyewe alivyokuwa akiishi.

Alikuwa haingii tena kwa mlango wa mbele. Anazunguka uani, ambako mama ameshaweka ndoo ya maji, sabuni na nguo safi kwenye kamba. Viatu vinabaki nje. Simu iko ndani ya mfuko wa nailoni. Koti la maabara halikuwahi kulala nyumbani, hiyo ilikuwa sheria yake hata kabla ya ugonjwa. Lilibaki kazini na lilifuliwa hukohuko. Barakoa alipewa chache, kwa hiyo kila moja aliiweka kwenye bahasha ya kaki, bahasha ameiandika jina la siku. Hata chupa ya dawa ya kuulia vijidudu aliiandika saa aliyoichanganya. Alisema ikilala hiyo, kesho yake ni maji yenye harufu tu.

Na mikono. Asubuhi za kuchukua vipimo vya puani mara nyingi alikuwa peke yake chumbani, hana wa kumfungulia mlango wala wa kumshikia kitu. Basi akajiwekea utaratibu wake: mkono wa kulia ndio wa kushika vijiti na chupa za wagonjwa, wa kushoto haugusi chochote cha mgonjwa. Wa kushoto ndio wa mlango, wa bomba, wa simu.

"Glavu inaweza kutoboka," aliniambia, "na mtu anaweza kusahau. Lakini mkono ukishauzoesha kazi yake, wenyewe hausahau."

Akauzoesha kweli. Hata nyumbani alifungua geti kwa kushoto, ule wa kulia ameutenga na mwili kama mtu aliyepakwa hina haijakauka. Mama alikuwa akimcheka. Mwenzake wa maabara alimcheka zaidi. Huyo barakoa yake ilikaa kidevuni, na chapati yake ya saa nne aliilia mezani pale pale penye chupa. "Mzee, unaogopa sana," alikuwa akimwambia baba. "Hili gonjwa la redioni." Baba alitusimulia hayo huku anatabasamu, kisha anaenda kunawa tena.

Bibi alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, sauti nzito. Ujana wake aliuza mawese, na mpaka uzee wake aliweza kukuambia kwa kunusa tu kama mafuta yamechakachuliwa. Nyumba yake ilikuwa na baraza ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa. Chumba cha uani alikaa mpangaji, mama mmoja Muha, Mkristo, aliyeuza dagaa sokoni. Yeye alimwita bibi "mama", na bibi alimwita "wewe Muha wangu", na walitaniana kutwa nzima.

Baba alikuwa na desturi yake ya Ijumaa, tangu aanze kazi. Baada ya sala anakuja, anavua viatu, anambusu bibi mkono, bibi anamwekea mkono uleule kichwani na kumwombea dua. Mwisho husema, "Nenda, radhi zangu nimekupa." Kila Ijumaa, maneno yaleyale. Baba alikuwa ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa bibi; wengine watatu walikufa wadogo. Niliwahi kumwuliza kwa nini bibi arudie kila wiki jambo alilokwisha kusema. Akasema, "Mwanangu, radhi ya mama ndiyo nauli yangu. Siku nitakayoitwa, nataka niwe nayo mfukoni."

Ugonjwa ulipozidi, aliacha kumshika mkono. Akawa anasimama chini ya ngazi za baraza, hatua tatu nne kutoka kwa bibi.

"Hata Ijumaa?" bibi alimwuliza mara ya kwanza.

"Hata Ijumaa, mama. Mpaka lipite."

Bibi akanyanyua viganja akamwombea kwa mbali, akamalizia na radhi zake. Aliguna, lakini alikubali.

Ijumaa ninayoisema, baba alikuja jioni badala ya mchana, moja kwa moja kutoka kazini, kwa sababu dawa za presha za bibi zilikuwa zimekwisha. Barazani palikuwa na kina mama saba au nane, wenzake bibi wa maulidi, wamekaa bega kwa bega wanamenya vitunguu vya shughuli ya kesho yake. Hakuna aliyevaa barakoa. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea basi, hawa hawali watu."

"Hapa panatosha."

Akatoa pakiti ya dawa kwenye mfuko wa kushoto, akanyoosha mkono. Wa kushoto. Bibi alikuwa ameshanyoosha wake wa kulia kupokea. Nikaona mkono wa bibi unasimama, kisha unarudi taratibu mapajani. Baba hakuelewa. Alibaki ameunyoosha ule wa kushoto, anangoja.

"Kwani huyu kavunjika wa kulia?" mama mmoja akauliza, kama anauliza kitunguu.

"Elimu hiyo, shoga," mwingine akamjibu. "Wakisoma sana wanasahau mkono waliolishwa nao."

Wakacheka kwa kuficha midomo na kanga. Bibi hakucheka.

"Weka hapo kwenye ngazi," akasema.

Baba akaweka. Akasimama kungoja dua yake. Bibi akachukua kitunguu, akaanza kukimenya, hakuinua macho. Baba akangoja tena kidogo.

"Haya, nenda. Mkeo anakungoja."

Nilimsindikiza mpaka barabarani kwenye bodaboda, mimi upande huu wa njia, yeye ule. Hatukuwa tunatembea karibu siku zile.

"Mama ana nini leo?" akaniuliza. "Hakuniombea."

Kwa baba koo langu huwa halifungi. "Umempa dawa kwa mkono wa kushoto," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Mbele ya watu."

Alisimama. Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Lo," akasema. Kisha, "Lo, mama yangu." Akageuka kurudi, akapiga hatua chache za haraka, halafu akasimama tena. Mwenzake alikuwa anakohoa tangu asubuhi, akanieleza, na chumba chao cha kazi hakina hewa. Kumweleza bibi jambo lile kungetaka kukaa na kuongea kwa kirefu, na wale kina mama wote pale, nyuso wazi.

"Utamweleza wewe," akasema. "Ukimpata peke yake. Mwambie hivi: baba anasema mkono wa kulia ndio anaoshikia vya wagonjwa. Wa kushoto ameuweka safi. Alikupa kwa ule ulio salama, hakukudharau. Na anaomba radhi yako. Haya, sema."

Nikasema. Akanitaka nirudie mara tatu. Mara zote nilisema vizuri, hata akacheka, "Kumbe unaweza kuwa mwalimu." Akapanda bodaboda akaondoka. Niliporudi nyumbani niliyaandika maneno yale kwenye kaunta buku, neno kwa neno, yasipotee.

Jumamosi kulikuwa na shughuli, nyumba imejaa. Sikusema. Jumapili bibi alikuwa peke yake anasuka ukili, nikamwendea, nikaanza, "Bibi, baba..." Akanikata: "Usinitajie baba yako leo." Nikanyamaza kwa shukrani kabisa, nakiri, kama mtu aliyeahirishiwa mtihani.

Siku hiyohiyo baba alipiga simu ya mpangaji, maana mimi sina simu. Mwenzake amelazwa, anapumua kwa mtungi wa hewa. Yeye amejifungia chumba cha nyuma kule Katubuka, anahesabu siku kumi na nne, mama anamwekea sahani mlangoni. Akaomba kuongea na bibi. Mpangaji akapeleka simu barazani, akarudi nayo.

"Anasema yuko kwenye sala," akaniambia. Haikuwa saa ya sala yoyote.

Nikapewa simu. "Umemwambia?" baba akauliza. Mpangaji alikuwa amesimama pembeni yangu, ananiangalia. "Nitamwambia," nikajibu.

Siku mbili baadaye homa ilimpata baba. Tangu hapo simu akawa anapokea mama. Mama akaniagiza, "Bibi asijue, presha itampanda. Mwambie kazi zimezidi." Hilo niliweza kulisema, lilikuwa fupi. Bibi akajibu, "Kazi. Haya."

Najiuliza mpaka leo kwa nini yale mengine sikuyasema. Hakuna aliyenizuia. Jumatatu bibi alikuwa amechangamka, ananifundisha kupika kisamvu, nikaona nitaharibu. Jumanne alikuwa na mgeni. Jumatano nilijiambia nikimaliza kufagia nitasema, nikafagia mpaka kwa jirani. Bibi alijua kusoma Kurani, lakini hizi herufi zetu za shule hakuzijua, kwa hiyo hata kumpa kaunta buku asome mwenyewe haikuwezekana. Na kadiri siku zilivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa zito, maana sasa ningelazimika kueleza na kwa nini sikusema mapema.

Ijumaa iliyofuata bibi alioga mchana, akavaa kanga mpya, akakaa barazani. Hakuniambia anamngoja nani. Alikaa mpaka alasiri ikapita. Mimi nilikuwa nachambua mchele karibu yake, mpangaji anafua nguo pale bombani.

"Wewe," bibi akaniita. "Siku ile ulipomsindikiza baba yako. Hakukupa neno uniletee?"

Hapo ndipo. Alikuwa ameniuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, ananitazama. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Nikaona aibu ya wiki nzima imenikaa usoni, nikaona ataniuliza mbona ulikaa nalo, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapana, bibi."

Mpangaji aliacha kufua kidogo, kisha akaendelea.

"Basi," bibi akasema. Baada ya muda akaongeza, si kwangu, "Alikuwa mtoto mwenye adabu sana yule."

Jumapili akaanza kukohoa. Wenzake wa maulidi walikuja na mchaichai, malimau, majani ya mwarobaini, wakamfunika blanketi juu ya sufuria ya mvuke. Wawili kati yao walikuwa wanakohoa na wao. Jumatatu alikuwa hali. Mpangaji akamwambia, "Mama, twende hospitali wakupime, nitakubeba mgongoni kama mtoto." Kwa kawaida bibi angemjibu kwa utani. Safari hii akasema, "Mwenye kupima ni mwanangu. Angetaka kunipima angekuja." Mpangaji akanitazama. Nikatoka nje.

Jumanne nilichukua kaunta buku nikakaa kitandani kwake. Nilisema, "Bibi, nilikudanganya, baba alisema..." Akainua kidole, anataka maji. Nikampa maji. Alikunywa kidogo, mengine yakamwagika shingoni, akafumba macho, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka haraka mno hata sikujua kama anasikia au la. Nilifuta maji. Niliogopa kumsumbua. Jumatano asubuhi mama, aliyepigiwa simu na mpangaji, alikuwa amepata gari la kumpeleka hospitali, lakini gari lilipofika lilikuta kina mama wako barazani wanalia.

Hakuna aliyempima. Mtoto wake amechukua vipimo vya watu asiowajua, akavifunga, akaviweka kwenye sanduku la baridi, akavipeleka. Mama yake akazikwa bila kujulikana alikuwa na nini. Waliandika presha.

Baba homa ilikuwa imemwachia, lakini zilibaki siku mbili katika hesabu yake. Sisi wanawake hatuendi makaburini, nilisikia kwa waliorudi. Alikuja, wakasema, akasimama upande wa barabarani, mbali na watu, barakoa usoni. Wakamwita ashuke kaburini ampokee mama yake, maana ndiye mtoto. Akatikisa kichwa. Wakashuka watoto wa majirani.

"Mtoto wa kumzaa!" mama mmoja alisema pale tulipokaa.

"Alianza na mkono, akamalizia na kaburi."

Nilikuwa nimebeba kahawa. Niliwapitishia vikombe mmoja mmoja.

Siku zake zilipokwisha baba alikuja Ujiji. Alikuwa amekonda, shati linampepea. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi za baraza, akanipigia kwa kiganja pale pembeni yake nikae. Tulikuwa hatujakaa hivyo kwa miezi.

"Ulimwambia?" akauliza.

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu anayengoja jibu la daktari.

"Nilimwambia," nikasema.

"Akasemaje?"

"Akasema radhi zake amekupa."

Akainama, akalia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, mpaka mpangaji akachungulia kutoka uani. Alipotulia akataka kujua lini, wapi, maneno gani. Nami, ambaye maneno hunikwama mbele ya kila mtu, siku hiyo yalinitoka kama maji. Ilikuwa Ijumaa, nikasema. Alikuwa amevaa kanga mpya. Alicheka. Alisema, "Kumbe! Kazi ya mwanangu ngumu." Baba akawa anatikisa kichwa na kurudia, "Kazi ya mwanangu ngumu. Alisema hivyo?" Nikasema alisema hivyo.

Kwenye arobaini aliwasimulia wale kina mama. Yule aliyeuliza habari ya kuvunjika mkono alilia, akamwomba baba samahani, na baba akamsamehe mbele ya wote. Mpangaji alikuwa anapakua pilau. Alinitazama, kisha akasema, "Njoo unisaidie sufuria hili, mwanangu, zito." Tulilibeba mpaka uani. Mwezi uliofuata alihamia karibu na soko, na nikimwona mbali napita njia nyingine.

Yule mwenzake baba alipona, akarudi kazini, sasa hata chai anaenda kunywea nje. Kila wakija vijana wa mafunzo pale maabara, baba anawafundisha utaratibu wake wa mikono, na nasikia anawapa habari ya mama yake. Mwanamke ambaye hakusoma, anawaambia, lakini alipoelezwa alielewa, akatoa radhi. Sembuse ninyi mliosoma?

Niko kidato cha nne sasa. Nimewahi kumfuata mara mbili nimweleze ukweli. Mara ya kwanza alikuwa anaimba huku anapiga pasi. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye "Baba, ile habari ya bibi..." Akageuka uso umemng'aa, akasema, "Enhe?"

Ijumaa iliyopita alikuja mjomba wake baba kutoka Burundi, mzee sana, ambaye hakuwahi kuja tangu msiba. Tulikuwa tumemaliza kula ugali na samaki wa migebuka. Baba akamsimulia alivyoagiza neno, kisha akaniita nitoke jikoni.

"Huyu ndiye aliyekuwepo," akamwambia. "Hebu mweleze babu yako alivyosema mama."

Nikakaa kwenye mkeka. Mzee akasogeza sikio lake. Nikaeleza tangu mwanzo, ile kanga, kile kicheko, na nilipofika mwisho nikaona baba bado ananitazama anataka zaidi, nikaongeza kwamba bibi alimtaja kwa jina lake la utotoni.

"Kweli?" baba akasema. "Hiyo hukuwahi kuniambia."